Upasuaji wa Uti wa Mgongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wagonjwa wa Mombasa na Jamaa Zao

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa sana sisi tunaowahudumia wagonjwa wa mgongo hapa Mombasa. Tunaulizwa wodini na kliniki, na zaidi tukiwa njiani kuelekea mlangoni, jamaa anapokuvuta kando akuulize alichoona haya kumuuliza daktari. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari aliyemshika mgonjwa wako. Yatakusaidia kujua la kumuuliza, na kujua ni lini usithubutu kungoja.

Daktari hutazama nini anapoamua kupasua au kutopasua?

Wengi hudhani ni ukali wa maumivu. Si hayo peke yake. Daktari hutazama kwanza mambo mawili: je, mishipa ya fahamu (neva) inabanwa kiasi cha kupoteza kazi yake, na je, mfupa umelegea kiasi kwamba unaweza kuteleza ukaikata? Mtu anaweza kulia usiku kucha kwa maumivu ya kiuno, na bado tiba yake ikawa dawa, mazoezi na subira. Mwingine haumwi sana, lakini mguu umeanza kuburura na mkojo hautoki. Huyu wa pili ndiye wa kukimbizwa hospitali usiku huohuo. Tunasikitika sana kwamba hapa kwetu mambo huenda kinyume: anayeumwa huuza shamba atafute upasuaji, na aliyekufa ganzi huambiwa alale, itapita.

Uti wa mgongo umeumbwaje?

Una pingili 33: saba za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno, tano za chini ya kiuno zilizoungana kuwa mfupa mmoja, na nne za kifandugu. Kati ya pingili na pingili kuna diski, na katikati ya pingili zote kuna mfereji ambamo hupita ugwe mgongo, yaani kamba ya neva inayobeba amri kutoka kwenye ubongo na kurudisha habari za maumivu, joto na mguso. Kwa mtu mzima, ugwe huo hukoma usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutoka hapo kwenda chini kuna fungu la neva zilizoachana. Hii ndiyo sababu jeraha la shingo linaweza kulemaza mikono na miguu pamoja, la kifua likalemaza miguu tu, na la chini ya kiuno likawa na matumaini zaidi, kwani neva zilizoachana hustahimili mgandamizo kuliko ugwe wenyewe.

Ni ajali gani zinazovunja mgongo hapa Pwani?

Bodaboda kwanza, abiria na dereva. Kisha kuanguka: wagema na wakwezi wa minazi wa Kilifi na Kwale, vijana wanaochuma maembe, mafundi wa majengo waliopanda jukwaa la miti lisilofungwa vizuri. Kuna pia ajali ambayo watu wa bara hawaifikirii, nayo ni kijana kujitosa baharini kichwa kichwa wakati maji yamekupwa. Kichwa kinagonga mchanga, shingo inakunjika, na mara nyingi huvunjika pingili ya tano au ya sita ya shingo. Anayenusurika mara nyingi hukaa na mikono iliyo dhaifu maisha yake yote. Wazazi wenye watoto wanaocheza ufukweni, waambieni hili waziwazi: usijitose usipoona kina.

Mtu ameanguka na analalamika mgongo au shingo. Tumbebeje?

Msimwinue kwa kumshika makwapa na miguu. Msimkunje ndani ya tuktuk. Msimketishe apewe maji. Mwacheni alivyolala, isipokuwa kama kuna moto, magari yanapita, au yumo majini. Mtu mmoja apige magoti kichwani pake, akishike kichwa kwa mikono miwili kikae sawa na kiwiliwili, asikiachie mpaka wahudumu wafike. Pigeni 999 au 112, na mwitieni ambulensi.

Ikiwa hakuna gari la wagonjwa na lazima aondoke, tafuteni kitu kipana kisichopinda: ubao wa kitanda, mlango, hata meza iliyong'olewa miguu. Watu wanne au watano wamgeuze kwa pamoja kama gogo, bega na nyonga zikizunguka kwa wakati mmoja, ubao usukumwe chini yake, kisha arudishwe juu yake. Anayeshika kichwa ndiye anayehesabu na kutoa amri. Viringisheni nguo mbili muziweke huku na huku kwa kichwa, mfunge kichwa na mwili kwenye ubao. Pikapu iliyo wazi nyuma, ikiendeshwa polepole, ni salama kuliko teksi ndogo ambayo mgonjwa hujikunja ndani yake.

Tunalirefusha jibu hili makusudi. Jeraha la pili, lile linaloletwa na kubebwa vibaya, ndilo pekee ambalo nyinyi mlio barabarani mnaweza kulizuia kabisa. Hakuna daktari awezaye kulirudisha nyuma.

Dalili zipi zinataka hospitali leo, si kesho?

Mkojo kuziba au kutoka bila kujijua. Haja kubwa kutoka bila kuhisi. Ganzi sehemu za siri, makalioni na ndani ya mapaja, pale panapogusa tandiko la baiskeli. Miguu yote miwili kuishiwa nguvu. Kanyagio la mguu kudondoka, kiatu kikawa kinachomoka chenyewe. Dalili hizi za chini ya kiuno zikija pamoja, maana yake fungu zima la neva limebanwa. Madaktari hujitahidi kuondoa mgandamizo huo ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, na mapema zaidi ni bora. Baada ya hapo miguu huenda ikapona, lakini kibofu kikabaki kimelemaa.

Mwite pia daktari haraka kwa maumivu ya mgongo yenye homa, yanayomwamsha mtu usiku na kumkondesha, au ya mtu aliyewahi kuugua saratani.

Diski ikitoka lazima ikatwe?

La. Diski ina ganda gumu nje na nyama laini ndani. Ikibanwa kwa miaka, ganda hupasuka na nyama hujitokeza kama embe bivu lililominywa, ikagusa neva inayoshuka mguuni. Hapo ndipo mtu husema "mshipa umenishika kutoka kalioni hadi unyayoni." Kwa wengi, mwili wenyewe huinyonya nyama hiyo, na maumivu hupungua ndani ya wiki sita hadi 12.

Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007 ulifuata wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya aina hii. Nusu walipangiwa upasuaji wa mapema, nusu wakatibiwa kwa kungoja. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi. Lakini baada ya mwaka mmoja, asilimia 95 ya kila upande walisema wamepona, ingawa asilimia 39 ya waliongojea walipasuliwa hatimaye. Kwa hiyo, kama nguvu za mguu zipo na choo kinadhibitika, una haki ya kungoja. Kama wiki zimepita na bado huwezi kulala wala kufanya kazi, una haki pia ya kupasuliwa. Hamali wa soko la Kongowea asiyepata chakula asipobeba mzigo hayuko sawa na mwenye mshahara wa mwezi, na daktari mzuri hulizungumza hilo na mgonjwa wake.

Picha ya MRI imeonyesha diski tatu zimeharibika. Mbona daktari hataki kunipasua?

Kwa sababu picha si ugonjwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulitazama watu wasio na maumivu yoyote. Asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 walionekana na diski zilizochakaa, na kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Uchakavu huo huja na umri, kama ilivyo mvi. Kinachohesabika ni picha kulingana na dalili. Diski ya upande wa kushoto haiwezi kulaumiwa kwa maumivu ya mguu wa kulia.

Ukikutana na mtu anayekuambia upasuliwe kwa kusoma ripoti tu, bila kukugonga goti, kukupima nguvu za vidole na kukuinua mguu, tafuta maoni ya daktari wa pili.

Upasuaji wenyewe ni wa namna gani?

Makusudio ni matatu. La kwanza ni kuondoa kinachobana: kipande cha diski, mfupa uliokua, usaha, au kigae cha pingili iliyovunjika. Kwa diski ya kiuno, mara nyingi kidonda huwa cha sentimita chache tu, kazi huchukua kama saa moja hadi mbili, na mgonjwa husimama siku hiyohiyo au kesho yake. Kwa wazee ambao mfereji umekuwa mwembamba, wale wanaotembea kidogo wakalazimika kukaa au kuegemea mkokoteni ndipo waendelee, daktari hutoa sehemu ya nyuma ya pingili ili neva zipumue.

La pili ni kuimarisha. Skrubu na vyuma vya titaniamu hushika pingili zilizolegea, na vipande vya mfupa huwekwa ili ziungane. Vyuma ni vya kushikilia tu. Kinachoponya ni mfupa kuota, na hilo huchukua miezi. Sigara huuzuia mfupa kuungana, kwa hiyo daktari akikuambia uache kwanza, usidhani anakuhubiria.

La tatu ni kunyoosha mgongo uliopinda.

Miguu yake haisogei tangu ajali. Akipasuliwa atatembea?

Swali hili hutuuma kila tunapoulizwa, na haliwezi kujibiwa kwa maneno ya kufariji tu. Upasuaji hauushoni ugwe mgongo. Hakuna upasuaji duniani leo unaounganisha ugwe uliokatika. Unachofanya ni kuondoa mgandamizo na kuzuia mifupa isiendelee kuuumiza, ili kile kilichobaki kipate nafasi ya kujiokoa.

Kilichobaki ndicho kinachoamua. Mgonjwa anayehisi japo mguso wa pamba karibu na njia ya haja kubwa, au anayeweza kubana hapo, ana nafasi kubwa zaidi kuliko asiyehisi chochote. Ndiyo maana daktari hupima mahali hapo hata kama jamaa wanaona ni aibu. Muda nao una uzito. Utafiti wa Amerika Kaskazini wa mwaka 2012, wa majeraha ya shingo, ulionyesha kwamba asilimia 19.8 ya waliopasuliwa ndani ya saa 24 walipiga hatua kubwa ya kupona, na kwa waliochelewa ilikuwa asilimia 8.8. Angalia takwimu hizo kwa pande zote mbili: kuwahi kunasaidia, na bado wengi hawakupata hatua hiyo kubwa.

Hata asiyetarajiwa kutembea hufaidika. Mgongo ukishaimarishwa, anaweza kuketishwa mapema, kugeuzwa bila maumivu na kuanza mazoezi, badala ya kulazwa chali kwa wiki nyingi huku mapafu yakijaa na ngozi ikichubuka.

Mgongo umetoa nundu polepole, hakuanguka popote. Ni nini?

Kwetu, fikiria kifua kikuu kwanza. TB haikai mapafuni tu. Hula pingili mbili zinazopakana pamoja na diski yao, mgongo ukavunjika kwenda mbele na nundu ikatokea. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, na bado tunauona. Mgonjwa huwa na maumivu ya miezi, jasho la usiku, kukonda, mara nyingine bila kikohozi hata kimoja.

Habari njema ni kwamba tiba kuu ni vidonge, na dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kwa mgongo, dozi ni ndefu kuliko ya mapafu, kwa kawaida miezi tisa hadi 12. Upasuaji huhitajika pale miguu inapopooza, usaha unapobana ugwe, au nundu inapozidi. Hata aliyepooza kwa TB huweza kusimama tena, mara nyingi kuliko aliyepooza kwa ajali. Msimfiche ndani mkidhani amerogwa.

Mkandaji akimvuta mgongo, kuna ubaya?

Kuchuliwa kwa mafuta ya nazi kwa misuli iliyokaza hakuna ubaya, na wazee wetu walijua walichokifanya. Ubaya ni kuvuta, kupinda au kukanyaga mgongo wa mtu aliyeanguka, mwenye ganzi, mwenye homa, au anayeweza kuwa na TB. Mfupa uliovunjika huteleza kwa mkono mmoja tu wa nguvu. Picha kwanza, mkandaji baadaye. Na dua haimngoji daktari aondoke. Soma huku ukimpeleka.

Twende hospitali gani?

Kwa ajali, hospitali ya karibu inayoweza kumtuliza mgonjwa, kisha rufaa. Coast General ndiyo hospitali kuu ya rufaa ya umma kwa Pwani, kutoka Kwale hadi Lamu na Taita Taveta. Zipo pia hospitali za binafsi kisiwani, kama Aga Khan, Pandya na Mombasa Hospital. Usiulize jina la hospitali tu. Uliza kama leo yupo daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na neva, au wa mifupa aliyebobea mgongoni, kama mashine ya MRI inafanya kazi, na kama kuna kitanda cha ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi.

Nairobi ipo Hospitali ya Kenyatta, na ipo hospitali ya taifa ya rufaa kwa majeraha ya uti wa mgongo, ambayo kazi yake kubwa ni kumrudishia mgonjwa uwezo wa kuishi. Mgonjwa ambaye mgongo wake haujaimarishwa asipandishwe basi la usiku. Asafirishwe amelazwa, na mhudumu pembeni.

Wengine huenda India. Kwa kazi iliyopangwa, si dharura, ni uamuzi unaoeleweka. Hakikisheni tu kabla ya safari ni nani hapa nyumbani atakayemfuatilia mgonjwa akirudi.

SHA inalipa?

SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Upasuaji uliopangwa huhitaji idhini kabla, kwa hiyo jisajilini na mlipe kabla ya kuugua. Mnapoletewa makadirio, ombeni yaandikwe kila kitu mbalimbali: daktari, nusukaputi, chumba cha upasuaji, vyuma, ICU, kitanda, picha na fiziotherapia. Vyuma ndivyo vinavyopandisha bei, na mara nyingi ndivyo familia huambiwa mwisho, harambee ikiwa imeshafungwa.

Nijitayarishe vipi?

Chakula kigumu husimama saa sita kabla, maji matupu saa mbili kabla, isipokuwa umeambiwa vingine. Taja dawa zote, hasa za kuyeyusha damu, za sukari na za mitishamba. Kama unatafuna muguka au miraa, mwambie daktari wa nusukaputi bila kuona haya. Hubadilisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, naye anahitaji kujua ili akulinde. Hatakushtaki kwa mama yako.

Hatari zake ni zipi?

Maambukizi, kutokwa damu, damu kuganda miguuni, utando wa neva kutoboka na maji yake kuvuja, na kwa nadra neva kuumia. Diski inaweza kutoka tena mahali palepale. Na jambo ambalo watu hawaambiwi vya kutosha: upasuaji wa diski hutibu maumivu ya mguu vizuri kuliko ya kiuno. Ukipasuliwa kwa sababu ya kiuno peke yake, huenda ukavunjika moyo.

Nikitoka hospitali, vipi kuhusu kuswali, choo na bodaboda?

Kutembea ndiyo dawa ya kwanza, kidogo kidogo, asubuhi kabla ya jua kali na jioni. Wiki sita za mwanzo usiiname kwa nguvu, usipinde kiuno, usibebe kitu kizito kuliko kibuyu kidogo cha maji. Rukuu na sijda zisubiri: dini imemruhusu mgonjwa kuswali ameketi, na akishindwa, kwa ubavu. Choo cha kuchuchumaa kinasumbua sana. Tafuta kiti cha plastiki imara kitobolewe katikati, au kiti cha choo cha kubebeka. Bodaboda acha kabisa mpaka daktari aruhusu, na kwenye feri ya Likoni ngoja umati upungue. Tendo la ndoa huruhusiwa maumivu yakipungua, mgonjwa akiwa chini, bila haraka. Kazi ya mezani hurudi ndani ya wiki chache kwa diski. Ya kubeba, miezi mitatu au zaidi.

Vyuma vitatolewa?

Kwa kawaida hubaki maisha yote.

Mtoto amezaliwa na uvimbe mgongoni, au kijana wangu mgongo unapinda.

Uvimbe huo huenda ukawa mgongo wazi, yaani uti wa mgongo ambao haukufunga mtoto akiwa tumboni. Mgongo wazi hufungwa mapema, ikiwezekana ndani ya siku mbili tatu za kwanza, kabla maambukizi hayajaingia. Funika kwa kitambaa safi chenye maji ya chumvi ya hospitali, mlaze kifudifudi, mpeleke. Kibiongo cha upande kwa kijana hupimwa kwa nyuzi (digrii). Kikipita 45 hadi 50, upasuaji hujadiliwa. Chini ya hapo, hufuatiliwa au huvalishwa mkanda.

Amerudi nyumbani akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Tumtunzeje?

Mgeuzeni kila saa mbili akiwa kitandani, na ajiinue kitini kila baada ya dakika 15 hadi 30. Tazameni ngozi kila siku kwa macho, makalio, visigino na nyonga, kwani yeye hahisi. Wekundu usiokwisha ni kidonda kinachoanza. Mkojo utolewe kwa ratiba, kwa mpira safi wa kutolea mkojo. Kidonda cha kulalia na mkojo uliooza bado vinaua watu ambao upasuaji wao ulifanikiwa.

Joto la Mombasa lina hatari yake. Aliyeumia shingo au juu ya kifua hatoki jasho chini ya jeraha, kwa hiyo mwili wake huchemka upesi, hasa Januari hadi Machi. Kivulini, feni, kitambaa chenye maji shingoni, na maji ya kunywa ya kutosha.

Na mtu huyohuyo akishikwa ghafla na kichwa kinachogonga, uso ukawa mwekundu na jasho likamtoka juu ya jeraha, mketisheni wima mara moja, mlegezee nguo, mwangalie kama mpira wa mkojo umeziba au choo kimefunga. Ni shinikizo la damu linalopanda kwa kasi. Likikataa kushuka ndani ya dakika chache, mkimbizeni hospitali akiwa ameketi.